Medali Yenye Jina la Mbio Nyingine

Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna msumari wa inchi 4 ambao kwa miaka kadhaa ulibeba medali 17, na kila nilipoufunga mlango kwa haraka zililia kama njuga. Siku moja niliziteremsha zote, nikazitandaza kitandani, nikajaribu kukumbuka kila moja niliipata wapi. Za Moshi hazikunipa shida, kwa kuwa mtu aliyewahi kupandisha mbio hadi Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kuteremka magoti yakitetemeka hawezi kusahau, lakini zilikuwapo 5 ambazo nilizigeuza mbele na nyuma bila kupata hata kivuli cha siku yenyewe. Fulana zilizokuja nazo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi nyingine: mbili zilikuwa madekio, moja ya kupangusia pikipiki, na ile ya rangi ya chungwa, niliyoipenda kwa muda wa siku tatu hivi, ilikuwa imefunika pipa la maji.

Nasimulia haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya ninyooshe mkono katika kikao cha kikundi chetu cha jogging hapa Morogoro, tulipoamua kuandaa mbio zetu wenyewe za kilomita 10. Sisi ni watu 40 na kitu, tunaokutana kila Jumapili alfajiri nje ya Uwanja wa Jamhuri, na mwenyekiti wetu ni mzee mmoja mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu. Ada tuliyokusudia ilikuwa shilingi 10,000, ili hata dereva wa bodaboda na mama wa genge waimudu, na makadirio yaliyoletwa kikaoni yalionyesha kwamba medali mpya na fulana mpya zingeila ada yote na kutuacha tukihangaikia maji, gari la wagonjwa na kibali. Njia iliyozoeleka ni kumtafuta mdhamini, lakini mdhamini naye hutaka nembo yake kifuani na mgongoni, na hapo fulana hugeuka bango ambalo mtu hulivaa siku moja kisha akalipeleka kudekia.

Kabla ya kikao cha pili nilichukua zile medali 5 nisizozikumbuka nikampelekea mnunuzi wa chuma chakavu. Ya kwanza aliipitishia sumaku, haikushika. Akaikwaruza ubavuni kwa msumari, na chini ya mng'ao wa dhahabu pakatokea kijivu kitupu. "Kaka, hii si chuma wala si shaba," aliniambia akinirudishia mkononi. "Wape watoto wachezee." Alikuwa sahihi kabisa. Medali nyingi za mbio za barabarani hutengenezwa kwa aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi za Selsiasi na ni rahisi kuimimina kwenye kalibu, kisha hupakwa utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Utepe wake ni poliesta, yaani zao la mafuta ya petroli. Kitu kama hicho husafirishwa maelfu ya kilomita kuvuka bahari ili kije kining'inie nyuma ya mlango, na mlangoni kikishachosha, hata mwenye mizani ya chuma chakavu hakitaki.

Kila inapozuka habari ya medali zisizochafua mazingira, watu huitaja Tokyo, na ni mfano wa kutajwa kweli. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo vya umeme, pamoja na simu za mkononi zipatazo milioni 6.21, wakachuja humo kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba, zikatosha kutengeneza medali zote zipatazo 5,000 za Olimpiki na Paralimpiki. Mimi nauheshimu mradi huo, lakini ni mradi wa taifa lenye viwanda vya kusafishia madini, na kikundi chetu kina majiko mawili ya mkaa. Kwetu swali lilikuwa dogo zaidi: medali iyeyushwe ya nini, wakati bado ni medali?

Kijana mmoja alipendekeza tusitoe kitu chochote. Alitueleza habari za parkrun, mbio za bure za kilomita 5 zilizoanza Bushy Park, London, Oktoba 2004 zikiwa na wakimbiaji 13, na ambazo sasa hufanyika Jumamosi kwa Jumamosi katika nchi nyingi. Huko anayemaliza hapewi medali, na hata kile kibao kidogo chenye namba anachokabidhiwa mwishoni hukirudisha kabla hajaondoka, ili juma linalofuata apewe mwingine. Nilidhani hoja imekwisha hapo. Mwalimu akamwuliza, "Wewe mwanangu, medali unazo ngapi?"

"Kama 20, Mwalimu."

"Basi ni rahisi kwako kushiba kwa niaba ya wengine."

Ndipo tukapitisha uamuzi kwamba mwenye nazo alete na asiye nayo apewe. Kwa muda wa wiki 6 tulipokea medali 212, nyingine zikitoka kwa ndugu na marafiki wa Dar es Salaam, zikaja kwa basi zikiwa ndani ya boksi la sabuni.

Kazi ya kuzisafisha niliibeba mimi, nikaianza kwa kosa. Nilichukua majivu na ndimu, kama tunavyosugua vyombo vya shaba nyumbani, na nilikwisha kuzipitia 9 kwa bidii kubwa kabla sijagundua kwamba nilichokuwa nakiondoa si uchafu bali dhahabu yenyewe. Utando ule hauhimili majivu. Unataka maji ya sabuni na mswaki mlaini wa zamani, basi. Tepe zenye majina ya wadhamini tulizikata, na mahali pake tukaweka tepe zilizoshonwa kwa vipande vya khanga na vitenge ambavyo fundi cherehani wa jirani huvisweka kwenye kiroba. Tulitaka pia kugonga mwaka wa mbio zetu kwa nyuma, tukampelekea mchonga funguo mwenye herufi za chuma, lakini medali mbili za kwanza zilipasuka chini ya nyundo kama biskuti, maana zinki ya kumiminwa haina unyumbufu, na tukamwomba aache.

Kushindwa huko ndiko kulikozaa jambo ninalolipenda kuliko yote. Badala ya kugonga maandishi tulikata vikadi kutoka kwenye maboksi ya karatasi, tukavifunga kwa uzi, na kila aliyetoa medali akaombwa aandike upande mmoja aliipata wapi na anakumbuka nini. Upande wa pili tuliuacha wazi. Kwenye moja ya zangu niliandika: "Moshi, 2016. Mteremko wa Mweka ulinimaliza, nikamaliza nikitembea." Kulikuwa na mwanachama aliyeshikilia kwamba kumpa mtu medali ya mbio ambazo hakukimbia ni kumvisha uongo, na hoja hiyo ilinikosesha raha hadi nilipoviona vikadi vimejaa. Medali isiyo na kikadi ingemfanya mtu ajifanye alikuwa Moshi. Yenye kikadi inasema wazi nani alikuwa Moshi, kisha inaacha nafasi ya jina la anayefuata.

Fulana zilitutoa jasho zaidi. Tulikusanya kama 140, nembo za zamani tukaziacha kifuani, na mgongoni, palipokuwa wazi, tukataka maneno yetu machache yachapishwe kwa skrini. Fundi alitutahadharisha kwamba wino anaoutumia hauivi mpaka upate joto la nyuzi 160 hivi, na kwamba poliesta ikifika kwenye joto hilo rangi yake huanza kuhama. Hatukumwelewa, tukamhimiza afanye kazi. Fulana 30 nyekundu zilizotoka kwake Alhamisi zilikuwa na maandishi meupe pe. Jumamosi tulipofungua furushi maandishi yalikuwa ya waridi, kwa sababu rangi ya kitambaa ilikuwa imepanda polepole ikaingia kwenye wino. Zilizobaki tulizichapa kwa wino mweusi, na zile za waridi, kwa mambo ya dunia yalivyo, ndizo watoto wa shule walizozigombania. Tulitangaza pia kwamba mwenye fulana yake aje nayo, kwa kuwa poliesta kila inapofuliwa huachia nyuzi ndogo sana zisizooza, na maji yetu ya kufulia huishia mferejini. Fulana mpya ambayo haikutengenezwa haifuliwi.

Lawama iliyoniuma ni kwamba tunawavika watu mitumba. Aliyenirushia maneno hayo alikuwa amevaa koti zuri la mtumba, na anajua kwamba najua, maana tulilichambua pamoja kwenye rundo. Nilicheka, halafu usiku nikaona kwamba ana hoja asiyoweza kuieleza. Mtu haoni haya kuvaa mtumba kwa sababu amesimama mwenyewe pale sokoni, akapekua, akakataa hili na lile, akachagua. Kinachomdhalilisha mtu ni kutupiwa. Kesho yake nikamwomba Mwalimu tusimvishe mtu medali shingoni mwishoni mwa mbio, bali tutandike mkeka, tuzipange zote, na kila aliyemaliza achague yake.

Kuhusu maji sitasema mengi, ila njia yetu ilipita Rock Garden na kuanza kupandisha kuelekea Morningside, lile jumba la kale la Wajerumani kwenye miteremko ya Uluguru, na huko chupa ikitupwa haikai. Mvua huisomba hadi kijitoni, kijito huipeleka Mto Morogoro, mto huo humwaga Ngerengere, nayo Ngerengere huingia Ruvu, ambao ndio wakazi wa Dar es Salaam wanaoutegemea kwa maji ya bomba. Mifuko ya plastiki nchini ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zipo, na mbio moja ya watu mia chache huweza kuacha viroba vyake kadhaa. Sisi tuliweka madumu yenye koki na kumtaka kila mkimbiaji aje na kikombe chake. Wengi walikuja navyo, vya bati, vya plastiki ngumu, mmoja na kifuniko cha chupa ya chai. Wasio navyo waliazima, wakasubiri, wakalalamika, na mfadhili mmoja mwenye moyo mzuri akatokea kituo cha pili na katoni 10 za chupa ambazo hakuna aliyethubutu kuzikataa. Chupa hizo tulikuwa tukiziokota hadi saa 8 mchana.

Lakini mkekani palikuwa na kitu ambacho sijakiona kwenye mbio nyingine yoyote niliyokimbia. Kwa kawaida mtu hufika mwisho, huinamishwa shingo, huvishwa, hupigwa picha, huondoka. Hapa watu walipiga magoti. Walisoma. Walisomeana vikadi kwa sauti, wakacheka ya yule aliyeandika kwamba alipotea njia akamaliza na watu wa kilomita 5, wakanyamaza kwenye ile ya dada aliyeandika tu kwamba alimkimbilia mama yake. Mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu kwenye genge la mtaa wetu, aliyekuja kukimbia akiwa na raba za mwanawe na khanga kiunoni juu ya suruali, alikaa pale karibu nusu saa. Aliichagua ya Moshi, yenye mlima, ile yangu.

"Huyu aliyemaliza akitembea ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Alinitazama kuanzia juu hadi chini. "Mimi sikutembea," akasema, akaomba kalamu.

Mwaka uliofuata tuliwaomba waliopewa, kama wameridhika nazo, wazirudishe ili zizunguke tena. Zilirudi 61, nyingi zikiwa na kikadi cha pili kilichofungwa chini ya cha kwanza, moja ikiwa na utepe mpya wa kitenge kizuri kuliko vyetu. Nilipita gengeni Jumamosi jioni nikiwa na daftari la orodha, nikamsalimu yule mama, nikanunua nyanya za shilingi 1,000, na nilipoinua macho niliiona medali imening'inia kwenye msumari juu ya mizani, imefunikwa mfuko mwepesi ili isishike vumbi. Nilimweleza habari ya kurudisha. Alinisikiliza hadi mwisho huku akinipangia nyanya, akaniongezea moja.

"Rudisheni nyie mlio nazo nyingi, mwanangu," alisema. "Kesho nakuja kukimbia, lakini hii haitoki hapa."

Niliporudi, Mwalimu alilichukua daftari, akaitafuta namba ya medali ile kwenye orodha, na mbele yake akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: haidaiwi.