Kikomo cha siri kwenye mnada wa mtandaoni: kinapolipa na kinapokula

Bei ya kikomo ni ile bei ya chini ambayo muuzaji ameiambia tovuti ya mnada: madau yasipofika hapa, sijauza. Wanunuzi hawaioni. Wanachooneshwa ni ujumbe mmoja tu, kwamba kikomo hakijafikiwa, na dau likishavuka, kwamba kimefikiwa. Isichanganywe na bei ya kuanzia, ambayo iko wazi kwa kila mtu tangu dakika ya kwanza. Zote mbili zinamkinga muuzaji asitoe mali kwa bei ya kutupa. Zinatofautiana katika nani anajua nini, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, maana wengi wanakiweka bila kujua kinagusa wapi. Bidhaa imeanza kwa 100, kikomo ni 500, na dau linapanda kwa hatua za 10. (Ni namba tupu, tia sarafu yoyote.) Tovuti nyingi hutumia dau la kujiendesha: unaandika kiwango chako cha juu kabisa, kisha mfumo unakupandishia kidogo kidogo pale tu mtu anapokushindania. Mnunuzi wa kwanza anaandika 300. Wa pili anaandika 450, bei inasomeka 310, kikomo hakijafikiwa. Wa tatu anaandika 600. Bila kikomo bei ingesimama 460, hatua moja juu ya aliyeshindwa. Kwa kuwa kikomo kipo, bei inaruka moja kwa moja hadi 500. Mnada ukiishia hapo, muuzaji amepata 40 zaidi, na 40 hizo zimeletwa na kikomo peke yake. Lakini akitokea wa nne na 550, bei inapanda hadi 560, na kikomo kinakuwa kama hakikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo kuna hali tatu tu. Wanunuzi wawili au zaidi wakiwa juu ya kikomo, hakina kazi. Hakuna hata mmoja aliye juu yake, mali inarudi stoo. Kinaongeza fedha katika hali moja pekee: mtu mmoja, na mmoja tu, anapokuwa tayari kulipa zaidi ya kikomo. Anayekiweka kwa kutumaini kwamba "kitapandisha bei" ajiulize kwanza hali hiyo moja hutokea mara ngapi kwa bidhaa yake.

Hesabu yake imekwishafanywa kwa makini. Mwanauchumi Roger Myerson aliandika mwaka 1981 jinsi ya kupanga mnada unaompa muuzaji mapato makubwa zaidi, na mwaka 2007 akawa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Mfano wa kufundishia ni huu: kila mnunuzi ana thamani yake kichwani, popote kati ya 0 na 100, kwa uwezekano sawa, na muuzaji mwenyewe bidhaa haimfai tena kwa lolote. Kikomo bora hapo ni 50, wawe wanunuzi wawili au ishirini. Wakiwa wawili, wastani wa mapato bila kikomo ni 33.3, ukiweka 50 unapanda hadi 41.7, ingawa mara moja katika kila minada minne hutauza kabisa. Wakiwa watano, bila kikomo ni 66.7, na ukikiweka ni 67.2. Umehangaika kwa nusu ya moja.

Sasa rudi kwenye wale wawili, umwongeze mnunuzi wa tatu na kukiondoa kikomo. Wastani ni 50. Unazidi 41.7 uliyopata kwa wawili pamoja na kikomo kilichopigiwa hesabu kamili. Wanauchumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionesha mwaka 1996 kwamba, kwa masharti ya kawaida ya nadharia hii, ndivyo ilivyo siku zote: mshindani mmoja zaidi ana thamani kuliko kikomo bora. Ndiyo maana swali la kwanza ni je, kikomo kitamfukuza mtu? Hili la kuuza bei gani linafuata baadaye.

Na kikomo cha siri kinafukuza. Watafiti Rama Katkar na David Reiley walilijaribu kwenye tovuti ya mnada ya eBay kwa kadi za kukusanya za Pokémon, jozi 50 za kadi zinazofanana. Katika kila jozi, kadi moja iliuzwa kwa bei ndogo ya kuanzia na kikomo cha siri. Nyingine ilianza waziwazi kwa kiwango kilekile cha kikomo. Matokeo yao yalitoka mwaka 2006: zenye kikomo cha siri ziliuzika mara chache zaidi, zilivuta washindani wachache wa kweli, na mapato yakapungua. Ulinzi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni usiri tu.

Sababu haihitaji nadharia nzito. Mnunuzi mzoefu huweka dau sekunde za mwisho, na hana hamu ya kusubiri siku saba ili ajue kwamba muuzaji alikuwa na bei yake moyoni. Akiona ujumbe wa kikomo anahisi muuzaji ana matumaini makubwa kuliko soko, na mara nyingi anahisi sawa. Kwenye Bring a Trailer, tovuti ya minada ya magari, gari lisilo na kikomo hutangazwa hivyo waziwazi, kama sifa ya gari lenyewe. Hilo linatosha kukuonesha wanunuzi wanapenda nini.

Hata hivyo, kadi ndogo si saa ya kale wala trekta. Patrick Bajari na Ali Hortaçsu walipochunguza minada ya sarafu za kukusanya, waliona kikomo cha siri hutumika zaidi kwenye sarafu za thamani ya juu. Wauzaji hao si wajinga. Bidhaa ghali ina wanunuzi wachache, na ile hali ya mtu mmoja tu juu ya kikomo inakuwa ya kawaida. Kuanzia kwa bei kubwa ya wazi nako kuna hasara yake: ukurasa unakaa na dau sifuri, na dau sifuri linatisha. Bei ndogo ya kuanzia inaingiza watu, mashindano yanaonekana, na anayesita anapata ushahidi kwamba wengine nao wanaitaka. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bidhaa ya kawaida yenye bei inayojulikana, weka bei ya kuanzia ya wazi au usiweke kinga yoyote, bidhaa adimu na ghali, yenye wanunuzi wanaohesabika kwa vidole, kikomo cha siri kina nafasi yake. Katikati ya hapo, ninaegemea kutokukiweka.

Ukishaamua kukiweka, tafuta kwanza sakafu yako, na sakafu haina uhusiano na bei uliyonunulia. Fedha uliyolipa imekwenda. Sakafu ni kile utakachobaki nacho ukikosa kuuza hapa: labda duka la mitumba limekuahidi 400. Ongeza gharama ambazo mnada pekee ndio unazileta, tuseme 15 za kufungasha, upate 415. Tovuti ikikata kamisheni ya asilimia 10, gawanya kwa 0.9 na si kuzidisha kwa 1.1 kama wengi wanavyofanya. 415 ukiigawanya kwa 0.9 ni 461. Kuzidisha kungekupa 456.5, ukiuza kwa hiyo, baada ya kamisheni na kufungasha unabaki na 395.85, chini ya zile 400 ulizoahidiwa dukani.

Juu ya sakafu hiyo nadharia inaruhusu kupanda kidogo. Katika mfano wa 0 hadi 100, muuzaji ambaye bidhaa inamfaa kwa 40 anaambiwa aweke 70, yaani katikati ya 40 na 100. Nasisitiza neno "kidogo", kwa sababu mfano unadhani unajua vizuri wanunuzi wako, na kukosea kwenda juu kunauma kuliko kukosea kwenda chini. Wale wanunuzi wawili, kikomo bora kikiwa 50: ukikosea kwa 30 ukaweka 20, wastani ni 36.3, bado umefaidika. Ukikosea kwa 30 zilezile ukaweka 80, wastani unashuka hadi 29.1, chini hata ya kutoweka kikomo.

Halafu kuna ada. eBay, kwa mfano, hutoza ada ya kikomo hata bidhaa isipouzwa. Tuseme ada ni 20 na kwa kikomo chako uwezekano wa kuuza kila unapotangaza ni asilimia 40. Kwa wastani utatangaza mara mbili na nusu kabla ya kuuza, na ada hiyo itakuwa 50. Linganisha 50 hizo na faida ya kikomo, ambayo katika mfano wetu wa mwanzo ilikuwa 40.

Makosa mengine ni ya papara tu. Kuanza na 480 huku kikomo kikiwa 500: umelipia siri inayolinda 20, na mvuto wa bei ndogo umeupoteza. Kuweka kikomo sawa na bei ya kununua papo hapo, ile ambayo anayeikubali anachukua bidhaa bila kusubiri mnada: hakuna nafasi iliyobaki ya mnada kufanya kazi. Kwenye eBay bei ya papo hapo hutoweka dau la kwanza linapowekwa, lakini pakiwa na kikomo hubaki mpaka kikomo kifikiwe. Hiyo ni faida halisi, ila bei hizo mbili lazima ziachane. Na kosa lisilosameheka ni kumwomba rafiki aweke madau ya bandia ili "kuusukuma" mnada hadi kwenye kikomo. Uingereza, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1979, kifungu cha 57, inamkataza muuzaji kuweka dau au kuwekewa na mtu wake, isipokuwa ametangaza wazi kwamba amejihifadhia haki hiyo. Kwenye kumbi za mnada wa sanaa dalali huweza kupandisha kwa niaba ya muuzaji hadi kikomo, kwa masharti yaliyoandikwa. Tovuti za mnada kwa kawaida haziruhusu.

Kumbi hizohizo zina desturi moja ya kuigwa: kikomo hakizidi makadirio ya chini yaliyochapishwa. Nawe unaweza kuandika kwenye maelezo ya bidhaa, "nakadiria 500 hadi 650," ukijua kikomo chako ni 500 au pungufu. Mnunuzi anapata mwanga, nawe bado unaanza na 100. Akikuuliza kikomo ni ngapi na tovuti inaruhusu kujibu, mjibu. Anayeuliza ana nia.

Kwa mnunuzi mambo ni mepesi zaidi. Andika kiwango chako cha kweli mara moja. Ikiwa umeandika 480 na ujumbe haujabadilika, umejua kikomo kiko juu ya 480, basi, usikikimbize. Mnada ukiisha bila kufikiwa, subiri au andika kupitia tovuti yenyewe. Muuzaji amekwishapoteza wiki na pengine ada, na madau yote anayaona. Baadhi ya tovuti, eBay ikiwemo, humruhusu kumpa ofa ya pili mtu aliyeweka dau ambalo halikufika.

Na muuzaji aliyebaki na mali mkononi asitangaze tena kesho yake kwa kikomo kilekile. Wanunuzi wa bidhaa adimu ni walewale na wanakumbuka. Tazama dau la juu lililotolewa. Lilikuwa 430 na sakafu yako ni 461? Mwandikie mwenye dau umwombe 465. Akikataa, ngoja wiki chache, piga picha mpya, na urudi na bei ya kuanzia ya wazi ya 461. Kama dau la juu lilikuwa 210, hapo kikomo hakina kosa. Makadirio yako ndiyo yaliyokosea, na lile duka la mitumba lenye 400 zake usiliache libadili mawazo.