Hoppin' John bila nguruwe: wali wa kunde wa Mwaka Mpya na hesabu ya maji

Nilipoanza kupika Hoppin' John kwa meza isiyoliwa nguruwe, nilidhani shida itakuwa nyama. Kumbe nyama ina mbadala wake. Shida ilikuwa maji. Wali ulitoka bokoboko, kunde zimepasuka zikawa rojo, na chini ya sufuria ukoko mweusi. Makosa yote matatu yana chanzo kimoja, nacho nitakieleza kwa urefu kuliko mengine.

Kwa asiyekijua chakula hiki: ni wali uliopikwa pamoja na kunde katika supu ya nyama, kwa kawaida ya nguruwe, iliyokaushwa kwa moshi. Wenyewe ni Wamarekani Weusi wa Kusini, hasa Wagullah Geechee wa pwani ya South Carolina na Georgia, ambao wahenga wao waliletwa kutoka Afrika na ujuzi wao wa kulima mpunga. Huliwa tarehe 1 Januari kwa kuutakia mwaka heri. Kunde ndizo sarafu, majani ya kijani yanayopakuliwa pembeni ni noti, na mkate wa mahindi ni dhahabu. Wako wanaosema kila mtu ale kunde 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na wako wanaobakiza kunde tatu kwenye sahani. Tarehe yenyewe ina uzito. Zama za utumwa, 1 Januari ilikuwa siku ya kukodisha na kuuza watu, mama akatengwa na mwanawe. Kisha ikaja 1 Januari 1863, siku lilipoanza kutumika tangazo la Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walikesha wakisali na kungoja, na makanisa mengi ya Weusi hukesha hivyo hadi leo. Sufuria hii inastahili kupikwa kwa makini.

Tuanze na kunde. Wengi hutumia zile nyeupe zenye jicho jeusi, na hazina kosa. Mimi nachagua ndogo nyekundu, kama zinazouzwa kwenye masoko yetu, kwa sababu hazivurugiki upesi na zinaupa wali rangi ya hudhurungi. Pia ndivyo ilivyokuwa zamani: mapishi aliyochapisha Sarah Rutledge wa Charleston, South Carolina, mwaka 1847 yanataka kunde nyekundu painti moja, mchele painti moja na bekoni ratili moja. Chagua kunde za msimu wa karibuni. Kunde zilizokaa ghalani miaka miwili zinaweza kuchemka saa mbili na bado ukitafuna unasikia kokoto.

Kwa watu wanane naandaa kunde kavu kikombe kimoja na nusu, kama gramu 250, na mchele vikombe viwili. Kitunguu maji kikubwa kimoja, pilipili hoho moja ya kijani, kitunguu saumu punje nne, mafuta vijiko vikubwa viwili, pilipili manga nusu kijiko kidogo, pilipili kali ya unga kwa kukisia. Nyama ni paja moja la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, la gramu 700 hivi. Loweka kunde saa sita hadi nane katika maji yenye kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi hiyo inalainisha ganda, hivyo kunde zinaiva bila kupasuka. Kabla ya kupika mwaga maji hayo.

Paja la bata mzinga litangulie peke yake. Litie katika maji lita mbili na nusu, funika, litokote kwa moto mdogo saa nzima, ndipo kunde ziingie. Ukivitia pamoja, kunde zitaiva na kuvurugika kabla nyama haijatoa ladha yake. Usiongeze chumvi hapa, maana nyama ya moshi imekwisha kutiwa chumvi nyingi. Usitie nyanya wala siki pia: kitu chenye uchachu kinalifanya ganda la kunde kuwa gumu. Kunde zilizolowekwa huiva kwa dakika 40 hadi 50, nyekundu zikataka hata saa nzima. Maji yawe yanachemka polepole. Yakiruka kwa nguvu kunde zinagongana na kuvua maganda. Ili kujua zimefika, bonyeza moja kwa vidole viwili: ivunjike laini, lakini zilizomo sufuriani ziwe bado nzima. Zikiwa laini kupita hapo umechelewa, kwa kuwa zina dakika 20 nyingine za kupikwa na wali.

Hapa ndipo penye siri. Usimimine mchele katika sufuria ya kunde kwa kukadiria kwa jicho. Chuja kunde kwa kung'uto, supu yote iingie kwenye bakuli, kisha ipime kwa kikombe kile kile ulichopimia mchele. Huwezi kujua tangu mwanzo itabaki supu kiasi gani, kwani inategemea kunde zimekunywa kiasi gani, kifuniko kinabana vipi na moto ulikuwaje. Kwa vikombe viwili vya basmati natia supu vikombe vitatu. Kwa mchele wa Kyela au pishori ya Mwea, vitatu na nusu. Ikipungua, jazia maji ya moto. Ikizidi, weka kando, itapikia majani. Kunde zilizoiva hazinywi tena maji mengi, kwa hiyo kosa la kawaida ni kuzihesabia sehemu yao. Maji hayo ya ziada yote yanaingia kwenye mchele, nao unageuka uji.

Supu yenyewe nayo ni nzito kwa wanga wa kunde, na wanga hukaa chini ukaungua. Kwa hiyo osha mchele mara nne au tano, maji yatoke maangavu kabisa, wanga usiongezeke juu ya wanga. Katika sufuria nzito kaanga kitunguu, hoho na saumu hadi vilainike bila kubadilika rangi, tia mchele uliochujwa maji vizuri ugeuzegeuze dakika mbili, punje zote zipate mafuta. Mimina supu ikiwa ya moto, onja, na sasa ndipo utie chumvi, supu iwe imekolea kidogo kuliko unavyotaka wali. Ikianza kuchemka, tia kunde na nyama uliyochambua kwenye mfupa, koroga mara moja tu kwa mwiko ukikwangua chini, punguza moto hadi mwisho, funika. Dakika 18. Usifunue na usikoroge, maana mwiko utaponda kunde. Epua, acha imefunikwa dakika 15, kisha uchambue wali kwa uma kutoka pembeni.

Mwenye jiko la mkaa ana bahati zaidi. Rutledge anaagiza sufuria iondolewe motoni wali ukishachemka, iwekwe juu ya makaa ijifukize, na hilo ni karibu sana na desturi ya pwani yetu ya kupunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Nimejaribu kwa njia zote mbili, na wali wa makaa hukauka vizuri zaidi juu. Yeye anataja pia kitawi cha nanaa kwa anayependa. Natia majani sita mwishoni, yakaze harufu ya moshi.

Asiyepata nyama ya moshi achemshe mifupa ya ng'ombe yenye nyama gramu 700 kwa saa mbili, kisha moshi autie mwenyewe. Wali ukiwa umeiva, weka kibakuli cha chuma katikati, tia ndani kaa moja jekundu la mkaa wa miti, dondoshea samli kijiko kidogo, funika mara moja. Dakika saba zinatosha. Kumi na tano zinaleta uchungu. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi. Tui la nazi usitie. Najua mkono wa pwani unalitaka, nao wali wa kunde wa nazi ni mtamu, ila tui linaufunika moshi, na moshi ndio roho ya chakula hiki.

Majani ya Kusini ni makubwa na mazito, jamii moja na sukuma wiki. Mashada matatu yanatosha. Ondoa mishipa, kata vipande vipana vya vidole viwili, wala si nyuzinyuzi kama za sukuma ya kukaanga. Yapike katika supu iliyobaki na maji vikombe vitatu. Sukuma changa inataka dakika 25; iliyokomaa saa nzima. Siki kijiko kikubwa kimoja mwishoni. Mchicha haufai, unayeyuka. Maji ya majani hayo hayamwagwi: ndiyo ya kuchovyea mkate.

Mkate ni rahisi: unga wa mahindi wa njano wa chengachenga vikombe viwili, beking pauda kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko kidogo, mayai mawili, mtindi mwepesi kikombe kimoja na nusu hadi viwili, siagi iliyoyeyuka vijiko vikubwa vinne. Sembe laini ya ugali inatoa mkate mzito. Pasha kikaango cha chuma ndani ya oveni ya nyuzi 220 hadi unga uvume ukimiminwa, uoke dakika 20 hadi 25. Sukari sitii.

Kuna nyumba zinazoficha sarafu ndani ya sufuria, atakayeipata awe na neema ya mwaka. Kwenye meza yenye watoto naiweka chini ya sahani moja, kwa kuwa sarafu katika tonge ni hatari.

Kiporo kinacholiwa kesho yake kina jina lake, Skippin' Jenny, nacho huhesabiwa kuwa dalili ya kubana matumizi, hivyo heri inaongezeka. Wali usilale nje: utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja. Asubuhi nyunyizia supu vijiko vitatu kwa kila kikombe cha wali, funika, upashe kwa moto mdogo hadi utoe mvuke kote, na sukuma zilizobaki zipakuliwe juu.