Siku moja maishani mwangu: mezani kwa bunduki kuukuu, Birmingham

Saa 2:00 asubuhi
Duka halijafunguliwa, nami nasawazisha geji. Naanza na ile ya unene wa mtutu: naibana kwenye kipande cha chuma ambacho unene wake unajulikana, kisha nageuza uso wa saa yake mpaka mshale usome sawasawa. Ikikosea thau mbili tu, tutanunua chuma chakavu kwa bei ya bunduki. Thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na mafundi wa mtaa huu hawana habari na milimita.

Nyingi zinazopita hapa ni bunduki za marisawa zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, namba 12 (kipimo cha upana wa mtutu), zilizofuliwa kabla ya miaka ya 1960.

Saa 3:00
Muuzaji wa kwanza. Kabla ya bei, cheti cha polisi, ambacho hapa Uingereza hudumu miaka 5. Namba iliyo kwenye cheti lazima ifanane na iliyo kwenye chuma. Halafu naifungua na kukagua chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma ya mitutu risasi zinapokaa, hata kama mwenyewe ameapa kuwa ni tupu. Ikishahakikishwa, naitenganisha vipande vitatu: mitutu, mbao ya mbele, na mtambo pamoja na kitako chake.

Jina lililochorwa ubavuni silishughulikii bado. Watu huja wakilitaja hilo kwanza, lakini kitako kilichopasuka hugundishwa na springi iliyokatika hutengenezwa mpya. Chuma kilichokwisha ndani ya mtutu hakirudi.

Saa 3:20
Naining'iniza mitutu kwa kidole, kupitia kindoana kilicho chini yake, naigonga kwa fundo la kidole. Mizima hulia kama kengele na mlio unabaki hewani. Ikilia kama debe, basi ule utepe wa chuma unaoiunganisha umeachia lehemu mahali fulani, na maji yameshaingia chini yake. Kuulehemu upya ni mamia ya pauni, kwa hiyo bunduki ya kawaida ikilia debe hatuendelei.

Kisha naielekeza dirishani na kuchungulia. Mwanga huchora pete ndani ya mtutu, moja ndani ya nyingine. Pete ikivunjika au kupinda, pale pana bonde. Madoa meusi ni mashimo ya kutu, mengi yakiwa ya zama za fataki, yaani viwashio vya risasi, zilizoacha chumvi kila baada ya kufyatua.

Mtutu unaong'aa kama kioo kwenye bunduki ya miaka 100 ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mara nyingi mtu ameusugua ndani kuondoa mashimo, na kila shimo lililoondoka limeondoka na ukuta. Hapo geji ndiyo inayosema. Nausukuma mtutu kwenye fimbo ya geji, nauzungusha polepole, nasoma kila inchi. Sehemu nyembamba huwa mara nyingi nusu ya kuelekea mdomoni. Thau 25 na kuendelea, tunatabasamu. Chini ya 20, yaani kama nusu milimita, wanunuzi wengi wanaondoka, maana bonde dogo likitokea hakuna nyama ya kulinyanyulia.

Saa 5:00
Alama za majaribio. Proof House ya Birmingham, nyumba ya kujaribia bunduki, ipo tangu 1813, na ya London iko chini ya chama cha wafua bunduki kilichopewa hati 1637. Kazi yao ni kufyatua kila mtutu kwa shehena nzito kuliko ya kawaida. Ukistahimili, unagongwa muhuri. Alama za zamani husema 13/1, yaani upana wa inchi .719, au 12, yaani .729. Napima inchi 9 kutoka nyuma. Iliyogongwa .729 ikisoma .740, muhuri umekufa, na kuiuza kama bunduki ya kufyatulia ni kosa la jinai.

Chemba nazo napima. Nyingi za zamani ni inchi 2½. Risasi ya inchi 2¾ huingia bila kulalamika, lakini ikifyatuliwa mdomo wake hufunguka mahali palipoanza kubana, na shinikizo linapanda. Nikikuta chemba imerefushwa bila muhuri mpya, mazungumzo ya bei yanasimama.

Mstari mwembamba unaozunguka mtutu inchi chache kutoka nyuma, pamoja na neno SLEEVED, maana yake mitutu mipya imepandikizwa kwenye mashina ya zamani. Inapiga vizuri tu, ila thamani imeshuka sana.

Saa 6:30
Chai na mkate.

Saa 7:00 mchana
Bawaba. Naondoa mbao ya mbele, nafunga bunduki, naitikisa. Ikicheza, mitutu imeachana na uso wa mtambo. Nabana ukanda wa karatasi ya sigara katikati yake: ukivutika bila kuchanika, kuna kazi. Wenye tamaa hugonga chuma kwa nyundo kuziba nafasi hiyo. Alama za nyundo huonekana kwenye ndoana, na baada ya risasi mia kadhaa inacheza tena.

Vichwa vya skrubu vilivyochanika ni ushahidi wa bisibisi isiyo yake, na aliyechana nje sidhani alikuwa mpole ndani. Mbao ikiwa chini ya kingo za chuma, imepigwa msasa. Michoro iliyofifia na kingo zilizoviringika zinamtaja aliyeing'arisha kabla ya kuipaka rangi upya.

Saa 8:30 mchana
Ujumbe wa sauti kutoka Arusha: mzee amerithi bunduki ya .375 (kipimo cha risasi yake, kwa inchi) na anataka kujua bei. "Shikamoo mzee," naanza, kisha namwomba picha za alama chini ya mtutu, namba na mdomo. Bei siitaji, kwa kuwa picha haipimi chuma. Namkumbusha pia kwamba huko kila hatua inapitia sheria ya silaha ya 2015.

Bunduki kubwa za mitutu miwili zilizorudi kutoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977, zina hesabu yake. Kwenye .470 mitutu imelehemiwa ikielekeana ili risasi zote mbili zipige karibu karibu. Aliyekata inchi moja ya mdomo ameharibu ulengaji huo, hata kama ndani hakuna doa. Kitako nakikagua nyuma ya mtambo, ambako mateke ya bunduki ikifyatuliwa hupasua mbao iliyolainishwa na mafuta. Hapa ndipo jina linapolipa: daftari la mfua likithibitisha namba na mnunuzi wa kwanza, bei inapanda.

Saa 10:00 jioni
Bei. Tunaanza na kinacholipwa mnadani, kwani bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Tuseme ikiwa nzima ingefika pauni 600. Bawaba 200, ufa wa kitako 80. Zinabaki 320, toa faida yetu na hatari ya kukaa nayo mwaka mzima, tunatoa 200. Muuzaji hukunja uso, naye ana haki. Namwonyesha karatasi ya vipimo, aende nayo kokote.

Mitutu myembamba imeshuka bei zaidi tangu 2020, mashirika ya uwindaji yalipotangaza nia ya kuacha marisawa ya madini ya risasi. Marisawa ya chuma hayapatani na mitutu hiyo wala na midomo iliyobanwa sana.

Saa 11:15 jioni
Amekubali. Daftari: mfua, namba, jina na anwani, chini yake mtutu wa kulia 24, wa kushoto 21. Polisi wataarifiwe ndani ya siku 7. Bunduki kwenye sefu, geji kwenye sanduku lake.