Kuchanja Mkate Kabla ya Kuutia Motoni

Mkate wa mviringo unaookwa bila kutiwa kwenye bati una tabia ya kupasuka mahali ambapo mwokaji hakupakusudia. Mara nyingi hupasuka ubavuni, karibu na chini, au pale ambapo mshono haukufungwa vizuri wakati wa kuviringa donge, kisha upande mmoja huvimba na mwingine hubaki umebana. Mkate wa namna hiyo hulika bila tatizo, na wala siwacheki wanaouridhikia, lakini ndani yake huwa na sehemu nzito zilizoshindwa kufunguka, na ukiukata vipande havilingani.

Chanzo cha haya yote ni kwamba hamira haifi mara donge linapoingia kwenye joto. Katika dakika za mwanzo huchangamka kuliko ilivyokuwa mezani, na hukoma kufanya kazi pale tu joto la ndani ya donge linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Wakati huohuo gesi iliyokwisha kujikusanya hutanuka kwa sababu ya joto, na sehemu ya maji hugeuka kuwa mvuke, hivyo donge hukua kwa kasi kwa muda wa takriban dakika 10. Uso wa donge, kwa kuwa ndio unaopigwa na joto kwanza, hukauka na kuwa ganda kabla ndani hakujamaliza kukua. Nguvu iliyobanwa hutafuta palipo dhaifu na kupapasua. Anayechanja donge kabla ya kulioka anaamua mwenyewe udhaifu huo uwe wapi.

Nilipoanza kujifunza jambo hili, shangazi yangu wa Mikindani, ambaye ameoka mikate kwa makaa tangu kabla sijazaliwa, alinisogelea akatazama wembe mkononi mwangu, akauliza, “Mwanangu, huo ni mkate au ni changu wa kukaanga?” Nilimjibu, “Ni mkate, shangazi,” naye akacheka akarudi kwenye majiko yake. Swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyodhani, kwa sababu samaki huchanjwa ili chumvi na ndimu ziingie, na watu wengi huamini kwamba mkate huchanjwa kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo, yaani ili hewa itoke. Sivyo. Hewa ikitoka, mkate umekwisha. Chale hufungua ganda tu, ili donge lipate nafasi ya kutanuka pamoja na gesi yake yote ndani, na ndiyo maana donge lililochanjwa vizuri huwa refu na jepesi kuliko lile lisiloguswa.

Maelekezo mengi ya kuchanja mkate huanza na wembe, nami naona hapo ndipo yanapompoteza mwanafunzi, hasa anayeishi pwani ya kusini kama sisi wa Mtwara. Jambo linaloamua kwanza ni kiasi ambacho donge limeumuka. Donge ambalo halijaumuka vya kutosha bado lina nguvu nyingi, na likichanjwa hupasuka kwa fujo hadi chale lote linararuka; donge lililopitiliza limekwisha kutumia nguvu zake, na wembe ukiligusa hunywea mbele ya macho yako, wala halinyanyuki tena motoni. Kati ya hali hizi mbili upo muda mfupi unaofaa, na katika joto la Novemba na Desemba, kabla mvua hazijashika, muda huo hupita upesi mno. Saa iliyoandikwa katika maelekezo ya nchi za baridi haitusaidii. Ninachokitegemea ni kidole: nikilibonyeza donge kwa kidole kilichopakwa unga na shimo likarudi lote papo hapo, nasubiri, likirudi polepole na kuacha alama ndogo, nachanja, lisiporudi kabisa, nalitia kwenye bati na kulioka bila kulichanja, nami huo huuhesabu kuwa ni uamuzi wa busara.

Kiasi cha maji nacho kina nafasi yake. Kwa gramu 500 za unga wa ngano natumia gramu 325 za maji, gramu 10 za chumvi na hamira kidogo, yapata gramu 3, kwa sababu joto letu hufanya sehemu kubwa ya kazi. Donge la namna hiyo ni laini lakini hushika umbo. Wanaopenda donge lenye maji mengi zaidi watapata mkate wenye matundu makubwa, lakini wembe utanata na kuvuta uso wa donge badala ya kuukata, na mwanafunzi atadhani mkono wake ndio mbovu. Dawa iliyonisaidia kuliko zote ni jokofu: donge lililokwisha kuviringwa na kuumuka likikaa humo kwa muda wa nusu saa, uso wake hukaza, na chale hubaki na kingo safi. Umeme ukikatika, basi nalipepea uso wake kwa ukili mpaka upoteze unyevu wa juu. Hali huwa nafuu, ingawa hailingani na ile ya jokofu.

Kuhusu wembe wenyewe sina mengi. Kisu cha jikoni, hata kikinolewa vipi, ni kinene mno kwa kazi hii. Wembe mwembamba wa kunyolea, wenye makali pande mbili, ukichomekwa kwenye kijiti cha mshikaki ili usishikwe kwa vidole, unatosha kabisa, na hupatikana katika duka lolote la mtaani. Unapitishwa mara moja, kwa haraka, bila kusita katikati na bila kurudia kama anayekata kwa msumeno, ukiingia ndani kiasi cha nusu sentimita au kupita hapo kidogo. Ukiusimamisha wima, chale hufunguka kulia na kushoto kwa usawa, jambo linalofaa kwa msalaba juu ya mkate wa mviringo. Ukiulaza hadi nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa donge, unakata ngozi nyembamba ambayo motoni huinuka upande mmoja na kuwa ukingo mkavu unaovunjika vizuri kinywani.

Kwa mkate mrefu, wa umbo la bofulo, wengi wetu hukata mistari ya kukingama, na matokeo yake ni mkate uliobanwa kiuno mara kadhaa. Waokaji wa Ufaransa, ambao ujuzi na utamaduni wao wa baguette, yaani mkate wao mrefu mwembamba, uliingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hukata mistari inayokaribia kufuata urefu wa mkate, kila mmoja ukianza kabla uliotangulia haujaisha, kwa kiasi cha theluthi moja ya urefu wake. Nilipoufuata utaratibu huo, mkate ulifunguka kwa urefu wake wote.

Chale zuri linaweza kuharibiwa na moto. Katika oveni ya gesi iliyo kavu, ganda hukauka mapema na chale hujifunga, kwa hiyo naweka chini bati lenye maji yanayochemka, kisha nalitoa baada ya dakika 15. Hapa shangazi alinishinda bila kujua, kwa sababu sufuria yake nzito yenye mfuniko hufungia ndani mvuke unaotoka kwenye donge lenyewe, na hakuna haja ya maji mengine. Tatizo la jiko la makaa ni kupalia moto mwingi juu ya mfuniko tangu mwanzo. Joto la juu likitangulia, uso wa mkate hukakamaa na mpasuko huhamia chini. Siku hizi huanza na makaa machache juu, na kuyaongeza mkate ukishainuka, ili ganda lipate rangi.

Mapambo nayaachia wenye subira. Unga wa mchele, ule ule wa vitumbua, ukipakwa juu ya donge hauungui upesi, hivyo mistari midogo iliyochorwa kwa ncha ya wembe huonekana wazi juu ya weupe wake, nami nimewahi kuchora jani la mkorosho likatoka linatambulika. Sharti ni kwamba mistari ya mapambo iwe ya juujuu tu, na pawepo chale moja lenye kina kwa ajili ya kazi, la sivyo mkate utapasukia katikati ya mchoro.

Wembe huwa butu baada ya mikate michache, na ukianza kuvuta donge badala ya kulikata, ubadilishwe. Ule wa zamani naufungia katika kipande cha boksi na kuuzungushia utepe kabla ya kuutupa, kwa kuwa watoto wa mtaani kwetu hupekua majalala wakitafuta vizibo vya kuchezea.