Karatasi za Baba na Tiramisu Iliyolegea

Siku ya nne baada ya kung'olewa meno saba ya chini, Baba alinisukumia karatasi juu ya meza. Alikuwa ameandika neno moja tu, kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni: "Uji???"

Alama tatu za kuuliza. Baba alifundisha sarufi hadi alipostaafu, na sijawahi kumwona akitapanya alama za uandishi. Nikajua hali ni mbaya.

Si kwamba alikuwa hawezi kusema. Daktari alisharuhusu: aongee, ale vitu laini, aache vya moto kwanza, asinyonye chochote kwa mrija, na ufizi ukishapona ndipo apimwe meno ya bandia. Tatizo lilianzia kwenye simu, asubuhi ya siku ya pili. Mtu alimuuliza wakutane saa ngapi, naye akataka kujibu "saa sita na nusu." Kilichotoka kilikuwa "thaa thita na nuthu." Akanyamaza. Akaitazama simu kama ndiyo iliyokosea, akaikata, akaenda kutafuta daftari na kalamu. Tangu hapo nyumba nzima tukawa tunapewa maagizo kwa maandishi, na ukijibu kwa kukosea ngeli, anakusahihishia kwa wino mwekundu.

Uji alikuwa ameuchoka, supu ameichoka, viazi vya kuponda havitazami. Lakini kilichomuuma zaidi ni kahawa. Yeye ni mtu wa vikombe vitatu kwa siku, vya moto, na sasa alikuwa anaachiwa harufu tu. Hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokula mara moja kwenye sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzangu: baridi, laini, hakitafunwi, na kimejaa kahawa. Tiramisu, kitamu cha Kiitaliano. Nilikuwa nimesikia ni rahisi kwa sababu haiokwi. Nimejifunza tangu siku hiyo kuwaogopa watu wanaosema chakula ni rahisi kwa sababu hakiokwi.

Vipimo nilivinakili kwenye moja ya karatasi zake: maskaponi, ile krimu nzito ya Kiitaliano, gramu 500, viini vya mayai sita, sukari gramu 120, kahawa nzito mililita 300, pakiti ya savoyadi, zile biskuti nyepesi ndefu kama kidole zenye sukari juu, na kakao isiyo na sukari ya kunyunyizia. Watu wengi hutia na mvinyo au ramu. Mimi niliacha, kidonda cha mdomoni hakitaki pombe. Nilidhani naharibu mapishi, kumbe mapishi ya zamani yanayosifika ya mji wa Treviso, Italia, hayakuwa na pombe hata tone.

Mama alinikuta napasua mayai. "Yanaenda motoni hayo?"

"Hayaendi, Mama. Yanapigwa tu na sukari."

"Mayai mabichi, kwa mtu mwenye vidonda saba mdomoni." Hakuuliza. Alitamka tu, kisha akaweka sufuria ya maji jikoni, akawasha moto, akaenda zake.

Alikuwa na haki. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kwa mzee anayepona hilo si la kujaribu. Nikaweka bakuli juu ya mvuke, kitako kisiguse maji, nikapiga viini na sukari bila kupumzisha mkono. Ukisimama tu kujikuna, unapata mayai ya kukaanga yenye sukari. Baada ya dakika kama kumi rangi ikapauka, mchanganyiko ukavimba, ukiinua kipigio cha mayai unadondoka kama utepe na kukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Niliona fahari kubwa. Ilidumu dakika mbili.

Bakuli langu lilikuwa dogo, kwa hiyo nilikuwa nagawa kazi nusu kwa nusu: viini vitatu na kopo moja la maskaponi kwanza, nusu nyingine baadaye. Udogo wa bakuli ndio ulioniokoa. Sikungoja viini vipoe. Nilimimina maskaponi ya baridi kali kutoka kwenye friji juu ya viini vya moto, nikawasha mashine ya kuchanganyia kwa kasi ya mwisho, nikiamini kasi ndiyo ufundi. Kufumba na kufumbua, kile kitu laini kikaanza kufanya chembechembe, maji yakajitenga pembeni, na mbele yangu likabaki bakuli la maziwa yaliyokatika.

Baadaye nilielewa. Maskaponi kimsingi ni krimu iliyogandishwa kwa asidi na joto, na mafuta ndani yake ni mengi mno. Ukiishtua kwa joto na kuipiga kwa nguvu, mafuta yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuyafukuza maji, kama mtu anayetengeneza siagi. Inatakiwa itolewe kwenye friji mapema kidogo, ilainishwe kwa mwiko, kisha viini vilivyopoa viingizwe taratibu kwa mkono. Siku hiyo nilijua tu kwamba nusu ya mali imekwenda.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi. Alichungulia bakuli, akaandika, akanionyesha: "Ni jibini?"

"Si jibini, Baba."

Akafikiri. Akaongeza chini yake: "Imekuwa."

Nusu ya pili niliifanya kwa adabu. Viini vikapoa, mashine ikarudi kabatini, mwiko ukafanya kazi. Ikatoka laini kweli, ila kidogo. Kwenye friji kulikuwa na pakiti ya krimu ya mililita 200, nikaipiga nikaikunjia humo ili ijae bakuli. Haikuwa imepoa vya kutosha, kwa hiyo haikusimama, ikabaki nzito kama mtindi. Nikasema liwalo na liwe.

Saa ilikuwa inakwenda, na tiramisu inahitaji kulala kwenye friji saa nne au zaidi, ikiwezekana usiku kucha. Kwa haraka hiyo nikafanya kosa la tatu: kahawa sikuipoza. Savoyadi ni mayai yaliyopigwa na unga kidogo, ndani ni matundu matupu. Kwenye kahawa iliyopoa unaichovya sekunde moja upande huu, moja upande ule, basi. Mimi nilihesabu hadi tano, kwenye kahawa inayofuka. Nilipoinua, mkononi nilikuwa na nusu ya biskuti na nusu nyingine ilikuwa imeshakuwa tope chini ya sahani. Za kwanza nilizipoteza kabisa. Zilizofuata nilizinyanyua kwa kijiko na kuzitandika kama mtu anayeziba ufa. Krimu juu, tope, krimu tena. Saa tisa alasiri nikafunika bakuli, nikafunga friji, nikakaa chini sakafuni.

Saa mbili usiku tulikula. Kakao niliinyunyiza kwa chujio wakati huo huo wa kuandaa. Hilo nilikuwa nimelishika, maana ukiitia mapema inanyonya unyevu na kuwa vidoa vyeusi. Kukata vipande hakukuwezekana, nilichota kwa upawa. Mama alionja vijiko viwili, akasema ni tamu, akaenda kulala. Baba alivuta hewa akiwa na kijiko mdomoni, kakao ikampalia, akakohoa vumbi la kahawia mezani. Nilimpa maji. Akayasukuma kando, akarudi kwenye bakuli. Hakuandika kitu. Aliongeza mara mbili.

Nilishtuka usingizini saa nane usiku. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nikamkuta Baba amekaa wima kwenye kiti chake, macho makavu, bakuli liko mapajani, tupu. Ndipo nikapiga hesabu: mililita 300 za kahawa nzito, na biskuti zangu zilikuwa zimeinywa karibu yote.

"Baba, umekula yote?"

Akainua kijiko kama anayekiri. Kalamu ilikuwa mbali, juu ya televisheni. Nikaketi. Nadhani niliona aibu ya kumkesheza mzee, nikaanza kuongea ili kujaza ukimya. Nikamweleza kwamba watu wa Treviso wanasema tiramisu ilizaliwa kwao, kwenye mkahawa wa Le Beccherie wa familia ya Campeol, mikononi mwa mpishi wa vitamu aliyeitwa Roberto Linguanotto, na kwamba iliingia kwenye orodha ya vyakula mwaka 1972. Majirani zao wa mkoa wa Friuli Venezia Giulia wanapinga, wanataja hoteli moja ya Tolmezzo na miaka ya 1950. Mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia ikaiorodhesha kama chakula cha jadi cha Friuli, na wakubwa wa Veneto, mkoa wenye Treviso, wakaja juu.

Baba alisikiliza kama anasimamia mtihani. Nilipofika kwenye jina, kwamba limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "nivute juu," akaweka kijiko chini.

"Rudia," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu ile simu. Sikuthubutu kumwangalia. Nikarudia, nikalikata: tira, vuta. Mi, mimi. Su, juu.

"Kitenzi," akasema, akikunja kidole. "Mtendwa. Kielezi. Thententhi nzima kwenye kijiko!" Akakaa mbele kwenye kiti. "Unaona? Wao mtendwa wanamgandisha nyuma ya kitenzi. Thithi tunamtia mbele. Ni-vute. Lakini wote tunamgandisha! Hatumwachi peke yake!"

Aliongea hadi alfajiri. Alitoka kwenye viambishi akaenda kwenye shule yake ya kwanza, akapitia mkaguzi aliyelala darasani, akarudi kwenye viambishi. Kila penye s palikuwa na th, na penye z ilikuwa vurugu tupu, na hakuna hata mara moja aliyotazama kule ilikokuwa kalamu. Mama alitoka chumbani kumi na moja na nusu, akatukuta, akasema, "Kumbe wanaongea," akaenda kuchemsha maji.

Meno ya bandia yalikuja miezi kadhaa baadaye. Kusherehekea, nilitengeneza tiramisu ya pili, na hii ilikuwa ya kupigiwa mfano: kahawa imepoa, savoyadi zimechovywa sekunde mbili, imelala usiku kucha. Ilikatika vipande vyenye kona. Tabaka zilihesabika. Baba alikula kipande chake chote kwa heshima, akapangusa mdomo, akaomba kalamu, ingawa sasa alikuwa anasema "saa sita na nusu" bila tone la kosa.

Akaandika, akanisukumia karatasi juu ya meza: "Uji!!!"