Nilipokaa meza ya majaji Shangani

Nilipigiwa simu nikaambiwa dada tunaomba uje utusaidie kuwa jaji, ni mashindano ya vijana wenye statapu za teknolojia, nikajua wamekosea namba. Mimi ni wakala wa miamala, kibanda changu kipo Chikongola hapa Mtwara mwaka wa 13 sasa, naweka na kutoa, nasajili laini, nauza vocha. Yule kijana akasema hapana dada ni wewe tu, kila mwaka majaji wanatoka benki, chuoni na Dar, na wanaoshinda baada ya miezi michache huwaoni tena, safari hii tunataka na mtu anayekaa na wateja kutwa. Basi nikafunga kibanda Jumamosi nikaenda, ni hapa hapa mjini, mtaa wa Shangani.

Tulikuwa wanne mezani. Mhadhiri, dada wa benki, kaka mmoja katoka Dar ambaye kazi yake ni kuweka pesa kwenye kampuni changa, na mimi. Timu 8, kila timu dakika 5 za kupichi, yaani kueleza wazo lao, na dakika 5 za maswali. Tukapewa fomu ya alama 100: ubunifu 20, soko 20, timu 15, hesabu za pesa 15, uwasilishaji 30. Nikauliza pale pale mbona kuongea vizuri kuna alama nyingi kuliko kuwa na mteja? Nikajibiwa fomu ndo ilivyokuja. Nikanyamaza, na hilo la kunyamaza linaniuma mpaka leo.

Timu ya kwanza alisimama binti wa Tandahimba na mwenzie. Alianza Kiingereza, akakwama, akaanza tena, akakwama, ukumbi kimya unasikia feni tu. Halafu akaacha slaidi zake akafungua mkoba akatoa karatasi ya mzani ya korosho za baba yake. Imekunjwa mara 4, kwenye mikunjo wino umeshafutika, ile sehemu ya kilo ukiangalia hujui ni 3 au 8. Akasema kwa Kiswahili, baba yangu alienda AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, mara 5 kuulizia hela yake na hii karatasi ikiwa mfuko wa shati.

Kwa msiojua huku kwetu, korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007. Mkulima anapeleka gunia chama cha msingi, inapimwa, anapewa karatasi, mzigo unaenda ghala kuu, unasubiri mnada, mnunuzi analipa, hela inapita chama kikuu inashuka AMCOS ndo iingie akaunti ya mkulima. Kati ya siku ya mzani na siku ya hela mtu anakaa gizani, hajui mzigo wake umepigwa mnada wa ngapi, makato ni kiasi gani, na hapo hapo ndo watu wa kangomba, wanaonunua korosho kimagendo nje ya mnada, wanapompatia, maana ana shida ya ada ya mtoto leo na yeye wa kangomba ana hela mkononi leo. Binti anataka mkulima apige menyu ya nyota kwa kiswaswadu chake, bila bando, aone mzigo wake umefika wapi.

Kaka wa Dar akamuuliza soko lako lina thamani ya dola ngapi. Binti akababaika. Sio swali baya, mtu anayeweka hela yake lazima aulize, ila nilimuona yule mtoto anavyonywea nikasema ngoja niulize ninachokijua. Nikamwambia mdogo wangu, wazee wengi wanaokuja kwangu laini wanayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za mtoto wao au mjukuu, sasa menyu yako itajuaje kilo ni za mzee na sio za yule kijana mwenye laini? Akainua kichwa. Akasema hatutumii jina la laini dada, tunatumia namba ya usajili ya mkulima, ile anayochukulia salfa, dawa ya mikorosho, na ana namba yake ya siri. Jamani! Yaani alishakaa na tatizo hilo usiku na mchana, ilibaki tu mtu wa kumuuliza.

Waliokuja baadae walikuwa na apu ya kuleta mizigo ya madukani kutoka Dar. Wamevaa fulana zinazofanana, Kiingereza kinateleza, video, makofi. Nikawauliza Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilipokatika Somanga mabasi yakalala njiani, wateja wenu mngewaambia nini? Na wiki iliyofuata nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa shida nchi nzima, apu ingefanyaje? Wakaangaliana. Wengine walikuwa na mfumo wa vikundi vya vikoba, faida yao yote inatokana na kamisheni ya kila muamala, nikawakumbusha Julai 2021 tozo zilipoanza wateja wangu walivyorudi kubeba hela kwenye khanga, mwezi ule mimi nilikuwa nafungua kibanda asubuhi nakaa tu. Hao walijibu vizuri, walikuwa na mpango wa kutoza ada ya mwezi kwa kikundi.

Sasa nieleze kuhusu alama, maana hapa ndo nimejifunza kitu. Timu ya kwanza unaiwekea kwa mkono mzito. Hujaona wengine, unaogopa ukimaliza alama utawapa nini watakaokuja. Binti nilimpa soko 13, na timu ya nne ambayo hata mteja mmoja hawakuwa wameongea nae nikawapa 15, nimekuja kuliona hilo mwisho napitia fomu zangu. Nikaomba tupewe muda tupitie upya wa kwanza mpaka wa mwisho, nikaambiwa mgeni rasmi anasubiri, mna dakika 10.

Na lingine, kabla hatujajumlisha mtu mmoja mezani akasema kwa sauti hawa wa mizigo wamenikosha kwelikweli, nikaona kalamu 2 zinarudi kwenye fomu. Sisemi kuna aliyehongwa, hakuna. Ila kila mtu angejaza fomu yake akaikunja akaikabidhi kila timu inaposhuka, ndo mkae muongee. Mkiongea kwanza jaji anakuwa mmoja, waliobaki ni mashahidi. Mhadhiri nampa heshima yake, kulikuwa na timu ina wanafunzi wake, akasema wazi hawa nimewafundisha siwapi alama, akaweka kalamu chini. Hakuna aliyemuomba afanye hivyo.

Wa mizigo wakashinda. Binti akawa wa nne, na wanaopewa hela ni 3 wa juu. Uwasilishaji alipata wastani wa 11 kati ya 30, ndo palipommaliza.

Tulishaambiwa majaji wasiongee na washiriki baada ya matokeo. Sikuweza. Mtoto katoka Tandahimba na basi la alfajiri, arudi hajui hata kakosea wapi? Nilimkuta nje chini ya mwembe anakunja ile karatasi ya baba yake, nikakaa nae karibu saa nzima. Nikamwambia alama zilipopotea, nikamwambia na langu la ile 13. Halafu nikamwambia tatizo la kweli nililoliona, menyu yako ina hatua 6, na menyu za nyota hazisubiri, mtu akichelewa kuandika inakata anaanza upya, wazee wetu wanaandika namba moja moja huku wanasoma kwa sauti. Njoo kibandani kwangu uone mwenyewe.

Jumanne saa 3 asubuhi nikamuona kwenye foleni, ana kiswaswadu na daftari. Mwenzie yupo nyuma na kompyuta anaiga ile menyu kwa laini ya majaribio. Akampata mzee mmoja wa Nanguruwe aliyekuja kutoa hela, akamuamkia, akamuomba ajaribu. Mzee akavaa miwani, akashika simu mbali kidogo na macho, akaanza, moja... nne... saba... Menyu ikakata kabla hajamaliza namba ya usajili. Mzee akasema ah, imezima. Binti akaandika sekunde kwenye daftari, akamwambia babu samahani, tujaribu tena.