Kutembea usingizini: saa ya mkononi na swichi ya mlango

Nimeacha kuangalia ile alama ya usingizi ambayo simu hunipa kila asubuhi. Ilinisifu vizuri sana usiku uleule mdogo wangu aliponikuta nahangaika na komeo la mlango, macho wazi, nikiitwa siitiki.

Saa ya mkononi haisomi ubongo. Inapima mwendo na mapigo ya moyo, kisha inakisia kama umelala fofofo au unaota. Wataalamu wakitaka kuusoma hubandika elektrodi, vipande vya kunasa umeme wa ubongo, kichwani. Na anayetembea usingizini ni mtu ambaye mwili wake umeamka huku sehemu ya ubongo ikiwa bado imelala. Saa iandike nini hapo?

Kwa hiyo kwenye saa sasa nasoma idadi ya hatua nilizotembea tu, dakika kwa dakika. Mlangoni nimefunga swichi ya sumaku, kama zile za kengele za wezi, niliyoipata soko la Kibuye hapa Kisumu. Kila mlango ukifunguka, kifaa kinaandika muda. La tatu ni daftari la mdogo wangu, ambalo kusema kweli ndilo ninaloliamini zaidi.

Tunalala saa tano. Vituko vyote vimeangukia kati ya saa sita na saa saba. Hilo lina maana: usingizi mzito hujaa theluthi ya kwanza ya usiku, na kutembea huku hutokea humo. Ndoto nyingi huja kuelekea alfajiri, kwa hiyo shangazi anayeshikilia kwamba "naigiza ndoto" itabidi anisamehe.

Nilishuku joto la Kisumu, nikaweka kipimajoto chumbani. Usiku wa joto na usiku wa mvua havikutofautiana. Kilichojitokeza ni shifti: nikitoka zamu ya usiku nikarudi kulala kama watu, usiku huo ndio wa hatari. Mwili uliokosa usingizi huzama zaidi, na kuibuka kwake huwa nusunusu. Babu mzaa mama naye alikuwa hivi, huwa inarithiwa.

Funguo sasa anaficha mdogo wangu. Hanitikisi, ananishika bega na kunirudisha kitandani.

Kinachofuata ni kulala mapema, saa tatu usiku, baada ya kila zamu, nione kama mlango utatulia. Pia nitamwona daktari kuhusu kukoroma, maana pumzi inayokatika usingizini inaweza kuchochea haya. Kwanza lakini betri ya akiba: stima ikipotea, kifaa kinasahau saa.